Kidonge cha Mwethya

Binamu yangu alisomea uhasibu, ukamshinda. Akauza simu Kibwezi mjini, nazo zikamshinda. Kisha siku moja akaamka amekuwa mtaalamu wa seli. Aliposimama mbele ya kanisa letu kule Nuu, Jumapili iliyotengwa kwa mafundisho ya afya, alikuwa amevaa koti jeupe la maabara ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijanyooka, na nyuma yake walikuwa wametundika shuka la kitanda ili mashine yake imulike picha hapo. Shuka lenyewe lilikuwa la maua. Seli zikatokea zina waridi ndani, na hakuna aliyeshangaa.

"Mwili ni network, watu wa Mungu," alisema. "Cell zinaongea. Hii inaambia ile, ile inaambia ingine. Network ikipotea, hapo ndio cancer inaingia. Ikuwe ya koo, ikuwe ya matiti, ikuwe ya damu, msidanganywe, cancer ni moja tu. Ni mawasiliano imeharibika. Rudisha mawasiliano, umepona."

"Amina," watu wakaitikia.

Mimi nilikuwa benchi la tatu, kando ya mama yangu. Nafundisha biolojia katika shule ya upili isiyo mbali na barabara ya Mombasa, upande wa Kibwezi, na kabla ya kushika chaki nilipoteza ujana wangu kwenye maabara moja Nairobi nikichunguza hizohizo ishara ambazo binamu alikuwa akizipigia debe: protini gani inaamsha ipi, na ipi ikikataa kulala mwili hupatwa na nini. Angevaa sketi yangu nisingeudhika zaidi. Nilimdharau kwa moyo wangu wote, na kudharau ni kazi ninayoiweza.

Ubaya wake ni kwamba hakusema uongo mtupu. Uongo mtupu watu wetu wanaujua, wameuonja kila msimu wa kampeni, wanautema. Huyu alichanganya. Ni kweli seli huongea. Seli haigawanyiki kwa kupenda kwake, hungoja kuambiwa. Ujumbe hugonga kwenye kipokezi kilicho kwenye ukuta wake, kipokezi kikaamsha protini ya ndani, hiyo ikaamsha nyingine, mpaka neno lifike kwenye kiini: gawanyika, au tulia, au kufa. Na ni kweli kwamba kansa nyingi huanza pale mmoja katika msururu huo anapopiga kelele bila kutumwa. Lakini njia za ujumbe ni nyingi, na kila kansa ina mpiga kelele wake. Kusema kansa ni moja kwa sababu zote ni habari ya mawasiliano ni sawa na kusema kesi zote mahakamani ni moja kwa sababu zote zina mshtakiwa.

Mwisho wa somo akatoa mikebe ya unga wa kijani. Ndiyo, sikutarajia atoe kitu kingine. Watu wakapanga foleni, walimu wenzangu wawili wakiwemo, watu wenye digrii, wameshika mikebe ile kifuani kama watoto wachanga. Mama yangu hakununua. "Unga wa kijani nitampa mbuzi," alininong'oneza, nami nikamwona kuwa ndiye mtu pekee mwenye akili katika jengo lile. Sikujua kwamba unga aliuacha lakini somo alilibeba likiwa zima mpaka nyumbani.

Ni lazima nieleze kuhusu mama na kansa yake, maana yeye ndiye aliyekuwa hatarini tangu mwanzo, wala si heshima yangu.

Mwaka uliotangulia alianza kuchoka. Mwanamke aliyekuwa akichimba mitaro ya shamba kuanzia alfajiri mpaka jua la utosi alianza kukaa chini katikati ya kazi, akitokwa jasho bila sababu, na upande wa kushoto wa tumbo ukamvimba. Wataalamu wetu walikuwa tayari. Duka la dawa lilimtibu malaria, kisha taifodi, kisha zote mbili kwa pamoja kwa ajili ya usalama. Shangazi mmoja akasema ni vidonda vya tumbo vinavyotokana na kunyamaza sana. Mchungaji akagundua roho ya uchovu, akaikemea kwa kipaza sauti, nayo ikabaki palepale. Nilipowasili likizo na kumshika tumbo nikahisi bandama lake, gumu, limeshuka hadi karibu na kitovu. Nilimpakia kwenye gari la rafiki siku ileile.

Nairobi walimtoa damu na uboho, wakasema ni kansa ya damu, ile ya polepole. Daktari, kijana mwenye adabu, alinieleza kwamba kama ni lazima mtu apate kansa, basi hii angalau ina mlango. Nilijua kabla hajamaliza. Vipande viwili vya kromosomu hubadilishana mahali, na pale vinapoungana huzaliwa protini ambayo haikupaswa kuwepo duniani, na kazi yake ni moja, kuamrisha seli nyeupe zigawanyike, usiku na mchana, bila kutumwa na mtu. Lakini protini hiyo ina kishimo ambamo hupokea nguvu zake. Watu wakatengeneza kidonge ambacho molekuli zake huingia kwenye kishimo hicho na kukaa, na protini ikabaki bubu. Unameza kila siku, maisha yako yote. Si muujiza. Ni kazi ya watu wengi waliokaa maabara wakikosea mpaka wakapatia, na ndiyo maana hakuna anayewataja kanisani.

Mama alitaka kuelewa. Mimi ni binti yake wa pili, nimebeba jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kwa desturi ya Wakamba ananiita mwaitu, yaani mama yangu, nami namwita mwaitu vilevile. Wageni huchanganyikiwa, sisi hatujawahi.

"Mwaitu," nilimwambia kwa Kikamba, "unajua neno la mwethya linavyotembea?"

Mwethya ni kundi la kina mama wanaolimiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwenyekiti akitaka watu, humwambia jirani, jirani akamwambia wa kilimani, wa kilimani akamwambia wa mtoni, na asubuhi majembe yote yako mahali pamoja.

"Sasa chukua mama mmoja wa katikati," nikasema. "Hajatumwa na mwenyekiti. Anaamka tu anapiga kelele: njooni mchimbe, njooni mchimbe. Kila siku. Watu wanakuja, wanachimba, shamba linaisha, wanaingia uani, wanachimba mpaka jikoni. Hiyo ndiyo damu yako."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinamziba mdomo huyo mama."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama kama huyo namjua," akasema, akamtaja.

Alimeza. Bandama likarudi mahali pake, jasho likakoma, na baada ya miezi kadhaa alikuwa mtaroni na jembe lake. Kanisani walimwita atoe ushuhuda. Akamshukuru Mungu, sawa. Mchungaji akajishukuru mwenyewe kwa maneno ya kuzunguka, akasema sote tuliona uchovu ukikemewa. Kidonge hakikutajwa. Nilikunja mikono nikaangalia paa.

Kisha ndiyo ikaja ile Jumapili ya binamu na shuka lake la maua. Na katika safari iliyofuata ya hospitali, damu ya mama ikawa imeanza kuharibika tena.

"Mama, dawa unameza kila siku?" daktari alimuuliza.

"Kila siku, daktari. Nikishakula, na maji mengi."

Daktari alinitazama. Mimi nilimtazama mama, naye alikuwa ametulia kabisa, uso wa mtu anayesema kweli. Daktari akaeleza kwamba huenda ile protini imebadilika umbo, kidonge hakiingii tena kwenye kishimo. Au huenda dawa haifiki ya kutosha. Akatoa damu nyingine ikapimwe umbo la protini. Kama imebadilika kuna dawa nyingine, nzito zaidi, na zipo aina za mabadiliko ambazo hata hiyo haiziwezi. Nilirudi shuleni nikafundisha wiki nzima kuhusu usanisinuru, na sikumbuki neno hata moja nililosema.

Shule zilipofungwa nilikwenda Nuu. Nilifika siku ambayo mwethya ulikuwa kwetu. Walikuwa wamechimba mtaro wa chini tangu asubuhi, na sasa walikuwa wamekaa kivulini mwa ghala na sahani za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mapajani, wakicheka kwa sauti za watu waliochoka vizuri. Nilisalimia mmoja mmoja. Mwishoni mwa mstari alikuwa rafiki wa mama, jirani yetu wa ng'ambo ya mto wa mchanga, mwanamke mrefu ambaye tangu utoto tulimwita mama wa ng'ambo. Alikuwa amekonda. Nilijua ana uvimbe kwenye titi. Nilijua pia kwamba hospitali ya huku ilimwambia aende akatwe kipande kidogo cha uvimbe huo kikapimwe, maana mama alinisimulia.

Wakaomba. Wakaimba ubeti mmoja. Kisha mama akaingia ndani akatoka na kisahani, juu yake kidonge chake kimoja na kipande cha wembe. Mbele ya watu wote, mchana kweupe, akaweka wembe kwenye ule mstari unaopita katikati ya kidonge, akabonyeza, kikagawanyika sawasawa. Nusu akaitia kinywani mwake. Nusu akampa mama wa ng'ambo, naye akaipokea kwa mikono miwili.

"Amina," wakasema kina mama.

Nisingeudhika sana kama wangekuwa wamenificha. Hakuna aliyeficha kitu. Kundi zima lilijua, kanisa zima lilijua. Baadaye niliambiwa mchungaji alishahubiri juu ya kisahani kile, akasema hivyo ndivyo waamini wa kwanza walivyoishi. Hakuna hata mmoja katika umati ule wa watu wazima wenye watoto waliosoma aliyefikiria kuniuliza mimi, ambaye kazi yangu ni hiyo.

"Mnafanya nini?" nilisema. Nilikuwa nimesimama, na sahani yangu ilikuwa chini imemwagika.

"Anakunywa dawa," mwenyekiti wao akajibu, polepole, kama anayemweleza mgeni. "Mwalimu, huku kwetu hatulagi peke yetu."

"Hii si chakula!"

"Na si cancer ni moja? Si ni wa kwenu mwenyewe alitufunza, hapo kanisani, na picha? Ati ni mawasiliano. Kama hii imerudisha ya mama yako, itakosaje kurudisha ya huyu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka yale maua. Nilicheka, kicheko kibaya, kisha nikamgeukia mama wa ng'ambo na kumwambia jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. "Hicho unachomeza hakikusaidii hata chembe. Ungemeza kifungo cha shati ingekuwa sawa. Kansa yako si hii. Na huyu unamnyang'anya dawa yake, damu yake imeanza kuharibika kwa sababu yako."

Mama wa ng'ambo alikuwa bado hajameza. Alibaki na nusu ile ulimini, amefumba mdomo, akinitazama. Wengine wakaangalia majembe yao.

"Mwaitu," mama yangu akasema, "ingia ndani."

Nina umri wa kuitwa shangazi na watu wenye ndevu, lakini niliingia.

Jikoni alinifuata, akafunga mlango wa mabati. Nilimpa somo lote tena, kwa hasira: kwamba nusu ya dawa haizibi mdomo, inaunyamazisha kidogo tu, kwamba seli zile kaidi zaidi ndizo zinazobaki hai na kuzaliana, mpaka siku moja kidonge kizima kitakuwa maji tu kwake, kwamba atakufa. Nilisema atakufa. Sikutafuta neno la adabu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Nilipokuwa siwezi kusimama, nani alinichotea maji? Nani alinifulia nguo nilizolowanisha? Wewe ulikuwa Kibwezi na watoto wa watu. Huyu alivuka mto kila asubuhi, na titi lake lilikuwa tayari linauma, sikujua. Sasa mimi nimeze kizima mbele yake, nifute mdomo, nimwambie kwaheri?"

"Hakimsaidii, mwaitu."

"Walioitengeneza wameweka mstari katikati. Mstari ni wa nini kama si wa kugawa?"

Nimesikia upumbavu mwingi maishani mwangu. Nimekaa kwenye makongamano ambapo watu walichora njia za ishara za seli kwa mishale mia, kila protini ikiitwa shabaha, kana kwamba mishale ya kutosha ya kuzilenga iko ghalani mahali, na nikapiga makofi kwa sababu chakula kilikuwa kizuri. Lakini upumbavu wa mstari wa kidonge ulikuwa mpya kwangu. Nikamwambia mstari ni wa dozi, wa wale ambao daktari amewapunguzia. Akatikisa kichwa, hakuona tofauti.

"Ulisema kuna mama mmoja anapiga kelele kwenye damu yangu," akasema. "Kwake huyu nani anapiga kelele?"

"Sijui. Hajapimwa. Yake ni nyumba nyingine, mtu mwingine."

"Kwa nini hajapimwa?"

"Kwa sababu anafikiri ana dawa!"

Hilo lilimwingia. Nililiona likiingia. Alikaa kwenye kigoda, akashika magoti yake.

"Basi mpeleke," akasema. "Apimwe. Ijulikane ni nani, apate kidonge chake. Siku hiyo mimi nitameza changu kizima. Kabla ya hapo nitagawa, na usiniletee kelele."

Mtu anawezaje kujadiliana na mtu wa namna hiyo? Nilimwambia kwamba kila siku inayopita inamla. Akasema anajua kuhesabu siku, alizaliwa kabla yangu.

Kwa hiyo nilimpeleka mama wa ng'ambo Nairobi, si kwa wema. Nilimpeleka kwa kuwa alikuwa kizuizi kati ya mama yangu na kidonge chake, na nilitaka kizuizi kiondoke. Njiani hakuniongelesha habari ya lile neno la kifungo cha shati. Kwenye foleni ya hospitali alisalimia kila mtu, akajua watoto wa kila mtu, akafungua kyondo chake akatoa viazi vitamu vya kuchemsha akagawia benchi zima, pamoja na mlinzi. Mwethya ulikuwa umehamia Nairobi. Nilijifanya nasoma simu.

Walimkata kipande cha uvimbe kikapimwe, tukaambiwa turudi. Katika muda ule wa kungoja niligundua kwamba ninatamani jambo, na lilinikera kutamani. Kansa ya titi mara nyingi husikiliza homoni. Ina vipokezi vyake, na kuna kidonge kidogo cha zamani kinachokaa kwenye mlango huo na kuziba. Aina nyingine ina kipokezi kingine kilichozidi kiasi, nacho kina dawa yake ya sindano. Nilitaka moja ya hizo. Nilitaka, kwa mara ya kwanza tangu niache maabara, njia ya ishara iwe na mtu mwishoni mwake.

Tuliporudi, daktari alianza na ya mama yangu, kwa kuwa karatasi ilikuwa juu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mama anameza nusu, sikumwambia nusu ya pili inakwenda wapi. Protini haikuwa imebadilika umbo. "Una bahati," aliniambia. "Arudi kwa kidonge kizima sasa, tutaishika tena. Akiendelea na nusu, mwalimu, mimi siahidi kitu."

Kisha akamgeukia mama wa ng'ambo. Walitafuta vipokezi vitatu, akasema, vile ambavyo tuna dawa za kuvilenga. Cha kwanza hakipo. Cha pili hakipo. Cha tatu hakipo. Na picha zilionyesha imeshafika kwenye mapafu. Zipo dawa za dripu, zinazopiga kila seli inayogawanyika bila kuchagua. Zinaweza kumwongezea muda. Kidonge cha kumeza nyumbani, hapana.

"Hata nusu?" aliuliza mama wa ng'ambo.

Daktari hakuelewa, akaniangalia nimfasirie. Nikamwambia hakuna cha kufasiri.

Ningependa kuandika hapa kwamba ile miezi ya nusu kidonge ndiyo iliyomuua, na kwamba aliyemuua ni binamu yangu na koti lake jeupe. Nilimuuliza daktari pembeni. Alisema hawezi kujua. Aina hii hukimbia. Basi nami sitasema nisilolijua, ingawa binamu yangu angesema, na kwa picha.

Alikwenda dripu mara kadhaa, nywele zikamtoka, akachoka na safari, akakataa. Binamu akaenda kumwona na mkebe wa unga wa kijani, bure kabisa, akapigwa picha akimkabidhi. Mchungaji akaja na wazee, wakala kuku, wakaomba kwa muda mrefu kiasi kwamba mgonjwa akasinzia. Nilikuwepo. Nilihesabu watu mle ndani ambao walimwuliza yeye mwenyewe anahisi vipi, na sikufika popote katika kuhesabu.

Mama naye aliendelea kukata. Daktari alipiga simu, mimi nilipiga simu, dada yangu mkubwa alilia kwenye simu. Sharti lilikuwa moja na halikuwa limetimia: yule hana chake. Nilifikiria kumdanganya. Ningeweza kupaka rangi kidonge cha chokaa cha kutuliza tumbo nikasema hiki ndicho cha mama wa ng'ambo. Nilifikia hata kukinunua. Kisha nikafikiria kwamba hivyo nitakuwa nimevaa koti la binamu, nikakitupa.

Nikaenda Nuu kumwambia mama ukweli wote: kwamba kidonge cha rafiki yake hakipo, wala hakitakuja. Nilimkuta asubuhi uani, na mama wa ng'ambo alikuwa ameshafika. Mtu alikuwa amemvusha mto kwa pikipiki. Alikuwa amejifunga leso kichwani, amekaa kwenye kiti cha mgongo ambacho kwetu hupewa wageni wa harusi, na kila pumzi yake ilisikika. Kisahani kilikuwa juu ya kigoda kati yao, na kidonge, na wembe.

Nilisimama. Nilianza, "Mwaitu, daktari amesema..."

"Nishamwambia," mama wa ng'ambo akasema. Alimgeukia mama yangu. "Walitafuta mpiga kelele wangu, hajulikani. Hii yako haina kazi kwangu. Meza."

Mama hakumtazama. Akachukua wembe, akauweka kwenye mstari.

"Meza kizima," mama wa ng'ambo akasema tena, na akaweka kiganja chake juu ya kisahani, juu ya wembe na mkono wa mama pamoja. "Umenigawia ya kutosha. Nani atanizika, huyu mwalimu? Hata jembe hajui kushika."

Walicheka wote wawili, kidogo. Mimi sikucheka.

Kiganja kikaondoka. Mama akauweka wembe kando, akakiweka kidonge ulimini kikiwa kizima, akanywa maji, akanywa tena. Akafuta mdomo kwa ncha ya leso. Alipoinua macho hakuyapeleka kwa rafiki yake, aliyaleta kwangu, na sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, hata na wale niliowadharau hadharani.

"Umefurahi sasa, mwaitu?"

Mama wa ng'ambo alikuwa ameketi palepale, akisikiliza. Nikajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli.